Shauri la Ladha ya Mama Elifuraha

Usiku wa jana niliota tangazo.

Halikuwa tangazo la vita wala la msiba. Lilisomwa na bati moja la paa la jiko letu, lile lililopinda juu ya meko, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kujibiwa. Lilisema hivi:

“Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa jiko hili kwamba kifuniko cha sufuria ndogo, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu na tabia yake njema, kimepandishwa cheo, na kuanzia sasa kitafunika sufuria kubwa. Kifuniko cha sufuria kubwa kitapangiwa kazi nyingine. Mengineyo: madini ya zinki yaliyokuwa mwilini mwa Bi Nakunda Mrutu yameondoka, na ladha ya chakula chake imesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Mwisho wa tangazo.”

Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi. Nikasema kwamba tangazo hilo lina kasoro ya mpangilio, kwa sababu jambo lisilo na maana limetangulizwa, na jambo lenye maana limefichwa chini ya mengineyo.

“Mambo yote hutokea chini ya mengineyo, Mwalimu,” bati likajibu. “Humo ndimo hakuna anayesoma.”

Naomba ieleweke kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi. Nasoma kila kinachochapishwa juu ya afya na siamini robo yake. Nakunda ni mke wangu. Figo zake zimechoka, na kwa sababu hiyo tulishuka kutoka Usangi, huko milimani Upareni, tukahamia mjini karibu na hospitali yenye mashine za kusafisha damu. Mashine zinafanya kazi yake. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba tangu masika mke wangu haonji kitu. Anakula kijiko kimoja, anasukuma sahani. Anapungua mbele ya macho yangu, na kidonda kidogo kisiginoni kimekataa kufunga. Nilisoma kwamba wagonjwa wengi wa figo hupungukiwa na zinki, na kwamba zinki ikipungua, ulimi hupotewa na ladha na vidonda huchelewa kupona. Sikudai apewe dawa. Niliomba apimwe. Hadi leo hajapimwa.

Hayo si ndoto. Ndoto ndiyo hii inayofuata.

Nakunda ameketi mezani. Mbele yake kuna makande niliyoyapika mwenyewe kwa mujibu wa maelekezo: maharage yamechemshwa na maji yake kumwagwa, yakachemshwa tena na kumwagwa tena, ili madini yanayomdhuru yatoke. Ananyanyua kijiko, anatafuna, anatazama mbali.

“Baba Elifuraha,” anasema, “hiki ni nini?”

“Ni makande, Mama Elifuraha.”

“Mimi naona natafuna kalenda.”

“Ya mwaka gani?”

“Ya mwaka jana. Hata kwenye sikukuu hakuna kitu.”

Dada yangu Naetwe amesimama mlangoni, kanga yake kaifunga kifuani kama mtu anayekwenda kushuhudia ugomvi wa majirani.

“Ni maringo tu hayo, kaka,” anasema. “Mwanamke akipikiwa na mumewe lazima atafute la kusema. Mimi ningepikiwa na mwanamume, ningekula na sufuria yenyewe.”

Sufuria kubwa ikarudi nyuma kidogo.

“Wifi,” mke wangu anasema bila kugeuka, “njoo basi ukae hapa ule kalenda yako.”

Kwetu mpishi haonji kwa kijiko, maana kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi sufuriani. Hudondosha mchuzi kiganjani, akaulamba. Nikafanya hivyo. Kabla sijapeleka ulimi, kiganja kikasema:

“Yamekolea. Chumvi haipo, kwa amri ya daktari. Ndimu ipo. Kitunguu kimeungua kidogo upande mmoja, lakini si cha kumnyima mtu hamu.”

“Una hakika?”

“Nimeonja kwa niaba yako tangu ulipojifunza kupika. Mke wako hasemi uongo, na wewe hukukosea mapishi. Kuna aliyechukua kitu hapo katikati.”

“Uko tayari kuyasema hayo mbele ya baraza?”

“Kila ulipoapa,” kiganja kikasema, “aliyenyanyuliwa ni nani?”

Watani wetu Wachaga husema kwamba Mpare atauza ng'ombe ili amshtakie mtu kuku. Ni uchochezi. Kuku akiwa wako, shauri ni shauri. Nikaliuliza bati: zinki ya mke wangu imekwenda wapi?

“Mimi pia nilivishwa zinki kiwandani,” likasema. “Nitazame hapa juu ya meko, pale ilipobanduka. Kimeingia nini?”

“Kutu.”

“Na baada ya kutu?”

“Mvua.”

“Mvua ikaangukia wapi?”

“Katika unga.”

“Wataalamu watakwambia kwamba sisi wote, yaani zinki, kutu, mvua na unga, tulikutana tu kwa bahati. Fuata maji, Mwalimu.”

Maji ya maharage niliyoyamwaga yalikuwa bado yanatiririka sakafuni, rangi ya chai hafifu. Yakapita chini ya mlango wa uani. Nikaufungua mlango nikiwa nimebeba sahani ya makande, na uani hakukuwapo. Kulikuwa na chumba cha mashine za kusafisha damu.

Wagonjwa wamelala kwenye viti vyao vya kuegemea, kila mmoja na mrija wake. Ukutani kumeandikwa kwa herufi kubwa: KISICHOPIMWA HAKIPO. Sista Aikande Mosha, muuguzi wetu na mtani wangu, anakuja amesimama juu ya mizani, nayo mizani inajisukuma yenyewe kama kiti cha magurudumu.

“Ooh, Mwalimu Mrutu!” anasema. “Mpare umefika bila mwanasheria? Au yuko nje anafunga mbuzi wa ushahidi?”

“Sista Mosha, mimi leo sina utani.”

“Mpare asiye na utani ana kesi mbili. Haya, panda upimwe, ndiyo uingie.”

Nikapanda. Mizani ikanisoma kwa sauti, ikaongeza maoni yake kuhusu umri wangu. Niliposhuka, sakafu ilikuwa baridi. Nikatazama chini.

“Viatu vyangu viko wapi?”

“Ulivivua ili upimwe,” Sista Mosha akasema. “Viatu havikupimwa.” Akaonyesha ukutani kwa kidevu.

Nilipinga. Nilisema kwamba viatu ni vitu, vina soli, nilivinunua kwa mkono wangu, na kutopimwa kwake ni upungufu wa mpimaji, si wa kiatu. Sista Mosha akaniangalia kwa huruma halisi, ile aliyonayo hata nikiwa macho.

“Mwalimu, mimi nakuamini,” akasema. “Lakini unaviona?”

Sikuviona. Nikaendelea bila viatu.

Mashine ya mke wangu ilikuwa pembeni, karibu na dirisha. Nikaisalimia, nikaiuliza kwa adabu kama imechukua zinki ya Nakunda Mrutu.

“Kazi yangu ni kutoa taka,” ikasema. “Anayetoka pamoja na taka ni taka.”

“Zinki si taka. Bila yeye ulimi haufanyi kazi, kidonda hakifungi, na mwili haujui kupambana na maradhi.”

“Mimi sina macho, Mwalimu. Nina matundu.” Ikapiga mlio mfupi, ikaendelea. “Tena usinitwike mzigo wote. Nilichochukua mimi ni kidogo. Wewe umebeba sahani. Waulize waliomo.”

Nikainamia sahani. Mahindi yakazungumza kwa pamoja, kama kwaya iliyozoea kusifiwa.

“Zinki sisi tulimpokea kwa mikono miwili.”

“Kisha?”

“Hatukumwachia. Tulipita naye tumboni, tukapita naye utumboni, tukatoka naye.”

“Mlimng'ang'ania kwa nini?”

“Ndivyo tulivyoumbwa. Mtu akituloweka vizuri tunalegeza kidogo.”

“Na ninyi maharage?”

“Sisi,” yakasema maharage, “tulichemshwa tukamwagwa, tukachemshwa tukamwagwa. Hatuna maoni.”

“Basi nyama je? Dagaa? Mbegu za maboga?”

“Nyama ilipunguzwa kwa ushauri,” yakasema mahindi. “Dagaa walizuiwa kwa ushauri. Mbegu za maboga zilizuiwa kwa ushauri.”

“Ushauri wa nani?”

“Wa watu wazuri. Wote ulikuwa ushauri mzuri.”

Hapa ndipo hasira ilinipanda. Ningeambiwa kwamba mtu fulani amekosea, ningemtafuta nikamshtaki nikatulia. Lakini nimehakiki kila katazo vitabuni, na hakuna lililo kosa. Hili linalinda moyo wake, lile linalinda mifupa yake. Kila mlango umefungwa na mtu mwenye sababu njema, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia kama kuna aliyebaki nje.

Aliyebaki nje alikuwa nje kweli. Nilipoinua macho kutoka kwenye sahani, chumba cha mashine kilikuwa kimekuwa lango la hospitali, pale ndugu wa wagonjwa wanapongojea saa ya kuona wagonjwa na hotpoti zao mikononi. Juu ya kigoda cha plastiki ameketi mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, kofia ameiweka magotini. Akasimama aliponiona.

“Mwalimu Mrutu, habari za siku nyingi? Mimi ni Zinki wa mke wako.”

“Unafanya nini hapa?”

“Nasubiri kuingia kazini. Nina kazi mle ndani zaidi ya mia tatu. Nafungua vimeng'enya, nashona ngozi, naamsha ulimi asubuhi. Nimesikia ulimi bado umelala.”

“Tangu masika.”

Akatikisa kichwa. “Nilikuwa nauamsha kwa jina,” akasema. “Anapenda ndimu, sivyo? Na kitunguu kilichoungua kidogo upande mmoja.”



Langoni alisimama mlinzi. Alikuwa kichupa cha kuchukulia damu, kirefu kama mimi, amevaa kizibo cha zambarau kama kofia ya sare. Nikamwendea.

“Kijana, mzee huyu ana kazi ndani. Mruhusu.”

“Mzee yupi, mwalimu?”

“Huyu hapa, mwenye koti.”

“Simwoni. Hajapimwa.”

“Basi apimwe.”

“Kipimo chake hatuna.”

“Kwa nini hamna?”

“Hakiagizwi.”

“Kwa nini hakiagizwi?”

“Hakuna mgonjwa aliyewahi kukutwa na upungufu huo hapa kwetu.”

“Kwa nini hakuna aliyekutwa?”

“Hakuna aliyepimwa.”

Nimefundisha mwendo wa duara kwa miaka mingi. Nilichora duara ubaoni kwa kamba na chaki, na daima palibaki mahali ambapo mwisho haukukutana barabara na mwanzo. Hili halikuwa na mahali hapo.

“Wewe unajua unachokisema?” nikamwuliza.

“Mimi ni kichupa,” akasema. “Nasema nilichojazwa.”

Wakati huo watu wawili walikuwa wanakuja langoni, wameshikana mikono kama marafiki wa zamani wanaotoka sokoni. Wa kwanza alikuwa mfupi, mkunjufu, mifuko yake yote imegeuzwa nje. Wa pili alivaa vizuri, akatembea polepole, na kila alipopita watu walipunguza sauti bila kujua kwa nini.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema mfupi.

“Marahaba. Nani wewe?”

“Naitwa Upungufu. Huyu mwenzangu ni Mauti. Yeye husalimia mara moja tu, kwa hiyo mimi nasalimia kwa niaba yake.”

Nikahisi sakafu baridi zaidi. Niliwauliza wanakwenda wapi. Upungufu akaonyesha dirisha la pembeni, lile la mashine ya mke wangu.

“Wewe ndiye unayempeleka huyu kwake?”

“Mimi natangulia tu.”

“Na wewe?” nikamwuliza Mauti.

“Mimi napita palipo wazi,” akasema. Alikuwa na sauti ya kawaida kabisa. Ningeweza kumdhania mkaguzi wa shule.

Nikapiga kelele. Nilimwita mlinzi, nikamwita Sista Mosha, nikaita yeyote mwenye cheo. Akaja Bwana Takwimu. Alikuwa rula ndefu ya mbao, kavaa suruali yenye mikunjo ya pasi, na alisimama wima kwa sababu hakuwa na namna nyingine.

“Mwalimu, punguza sauti. Hawa wawili huonekana pamoja mara nyingi. Ni kweli. Tafiti zimewaona pamoja katika nchi mbalimbali. Lakini kufuatana si kusababishana.”

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema darasani mpaka watoto wakayaimba. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala si yeye anayelivuta. Huenda mgonjwa hupungukiwa na zinki kwa kuwa ameshazidiwa, badala ya kuzidiwa kwa kuwa amepungukiwa. Huenda ukimpa zinki ladha ikarudi, huenda isirudi, waliojaribu hawakukubaliana. Yote hayo nayajua na nayaheshimu.

“Bwana Takwimu,” nikasema, “hoja yako ni sahihi na nimeifundisha. Lakini sijaja kudai kwamba mmoja amemwita mwenziwe. Naona watu wawili wameshikana mikono wanaelekea kwenye kiti cha mke wangu. Nataka mtu asimame awaulize majina langoni. Hilo tu. Shaka ni sababu ya kupima. Ninyi mmeifanya sababu ya kulala.”

“Maneno mazuri,” akasema Bwana Takwimu. “Yapeleke barazani.”

Baraza lilikuwa jikoni kwetu. Meko yamesogezwa katikati, na juu yake sufuria kubwa inatokota. Mwenyekiti ni Kifuniko cha sufuria ndogo. Ameketi juu ya sufuria kubwa kwa cheo chake kipya, na kwa kuwa hatoshi, anaelea juu ya makande na kuzama kidogo kila anapozungumza. Sista Mosha ni katibu. Naetwe ameketi kati ya wasikilizaji, anapepea.

“Nani analalamika?” Mwenyekiti akauliza, akazama kidogo.

“Mpare,” Sista Mosha akasema. Baraza zima likahema.

“Kuhusu kuku?”

“Kuhusu ladha, Mheshimiwa.”

“Afadhali ingekuwa kuku. Aanze.”

Nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika barua zangu: kwamba mke wangu ana njaa lakini hana hamu, kwamba asiyeonja hali, asiyekula hapati nguvu, na asiye na nguvu mashine haimsaidii, kwamba mfanyakazi wake wa zamani yuko langoni na kofia yake magotini, kwamba naomba kipimo kimoja cha damu. Kikisema zinki ipo, nitaomba radhi hadharani na kurudi nyumbani kutafuta sababu nyingine. Kikisema haipo, madaktari watajua la kufanya na kiasi cha kumpa, maana najua kwamba ikizidi nayo ni madhara.

“Shahidi?”

Nikanyanyua kiganja. Kikatoa ushahidi wake neno kwa neno: chumvi, ndimu, kitunguu.

“Kiganja ni jamaa wa mlalamikaji,” akasema Mwenyekiti. “Yupo shahidi mwingine?”

Naetwe akasimama. Nilitarajia arudie yale ya maringo. Alikunja kanga yake, akaikunjua.

“Mimi nilisema wifi anaringa,” akasema. “Jana nilimpelekea ndizi za mama, zile za nyama ya mbuzi tunazopika kwenye arusi tu. Nikazichemsha nikamwaga maji kama mnavyotaka. Nikasema akizikataa hizi, nimemkamata. Akala moja. Akalia. Akaniambia, ‘Wifi, najua zilivyo tamu. Nazikumbuka. Lakini hazifiki.’ Mtu hawezi kuringia ndizi za mama.”

 Sufuria ilipunguza kutokota.

Mke wangu ameketi mezani pale pale alipokuwa tangu mwanzo, kijiko mkononi. Hakuna aliyemwuliza kitu. Nikaomba aulizwe.

“Mgonjwa hana nafasi katika utaratibu,” akasema Mwenyekiti. “Ana nafasi katika mengineyo.”

“Basi tuanze na mengineyo!”

“Mwalimu, mengineyo ni mwisho.”

“Mheshimiwa,” mke wangu akasema, bila ruhusa, “mimi sitaki kesi. Nataka nile chakula cha mtu wangu nikijua ni chake.”

Sista Mosha aliweka kalamu chini. Mwenyekiti akazama hadi mshikio wake pekee ukabaki juu. Akanong'ona na mchuzi kwa muda, kisha akaibuka akiwa na ukoko mgongoni.

“Uamuzi,” akasema. “Ombi limepokelewa. Mgonjwa ashauriwe kula vizuri. Ndugu wa mgonjwa aonje chakula kwa niaba yake, hadi itakapoamuliwa vinginevyo.”

“Huo si uamuzi!” nikasema. “Huyo ni mtu aliyezama kwenye maji, nanyi mnamshauri apumue! Kipimo je? Mzee aliyeko langoni je? Wale wawili wenye kushikana mikono je?”

“Wameambiwa wasubiri,” akasema Mwenyekiti.

“Wamekubali?”

“Mmoja amekubali.”

Nikauliza ni yupi. Bati la paa likaanza kusoma tangazo jipya, mvua ikaanguka juu yake kwa kishindo, na jibu sikulisikia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na mvua ilikuwa inanyesha kweli. Nilivaa viatu, nilivikuta mahali pake, nikaenda jikoni. Nakunda alikuwa ameamka kabla yangu, amejifunika shuka mabegani, ameketi mezani. Sufuria kubwa ya makande ya jana ilikuwa juu ya meko. Ndani yake, kimezama nusu, ukoko mgongoni na mshikio ukiwa juu, kulikuwa na kifuniko cha sufuria ndogo.

“Mama Elifuraha, nani kafunika sufuria hivi?”

“Nimeikuta hivyo. Si wewe?”

Si mimi. Nikakitafuta kifuniko cha sufuria kubwa. Kilikuwa dirishani, kimebanwa kati ya ubao na ukuta, kinazuia dirisha lisipigwe na upepo. Kilikuwa kimepangiwa kazi nyingine.

 Mimi si mtu wa ndoto. Nilitoa kifuniko, nikapasha makande, nikampakulia. Akala kijiko kimoja. Nikangoja asukume sahani. Badala yake aliishika kwa mikono miwili.

“Baba Elifuraha,” akasema, “onja wewe, kisha uniambie.”

Nikadondosha mchuzi kiganjani, nikalamba.

“Chumvi haipo,” nikasema.

“Hiyo najua.”

“Ndimu ipo. Inaanza mbele ya ulimi, halafu inakwenda pembeni. Kitunguu kimeungua kidogo upande mmoja.”

Alifumba macho, akatafuna. “Upande gani?”

“Ule uliokuwa chini.”

“Endelea,” akasema, akachota kijiko cha pili.

Niliendelea. Nilieleza maharage, nikaeleza mahindi, nikaeleza hata moshi, mambo ambayo sijawahi kumweleza mtu. Alikuwa amefika kijiko cha nne, au huenda cha tano, simu ilipolia. Alikuwa Sista Mosha. Hakunitania. Nikajua ni habari mbaya.

“Mwalimu, lile ombi lako la kipimo,” akasema. “Uongozi ulikaa jana. Wamejibu.”

“Nisomee, Sista. Neno kwa neno.”

Akakohoa, akasoma:

“‘Ombi limepokelewa. Mgonjwa ashauriwe kula vizuri. Ndugu wa mgonjwa aonje chakula kwa niaba yake, hadi itakapoamuliwa vinginevyo.’”